P Isiyokuwa P: Gari la Harusi na Mkono wa Gia Uliotugomea



Leo hatuna hina wala shela. Tumekuja na mafuta mikononi. Wengi wenu mmetuuliza kuhusu gari la kumbebea bibi harusi: rangi gani, maua gani, utepe wa aina gani. Hakuna aliyetuuliza kama gari lenyewe likisimama kilimani litakaa pale lilipoachwa. Na sisi, kwa yaliyotukuta wiki ya harusi ya mdogo wetu, tumeona hilo ndilo swali la kwanza, maua yafuate.

Sisi ni ndugu watatu, tunapamba maharusi hapa Pemba. Tuna gari moja baina yetu, dogo, la Kijapani, la otomatiki, limekuja likiwa limeshatumika kama yalivyo mengi ya visiwani. Ndilo linalobeba viti vya hina, masanduku ya nguo, mashoga na vyungu vya udi. Mara nyingi ndilo linalombeba bibi harusi mwenyewe. Sote watatu tunaliendesha, na kwa kuwa fundi hapatikani kila tunapomtaka, tumejifunza kulifungua boneti na kutazama. Kazi ndogo tunazifanya wenyewe.

Safari hii mkono wa gia ulilegea. Siku moja asubuhi tuliutoa kwenye P tukauvuta mpaka D, ukateleza kama kijiko ndani ya uji, na gari likabaki palepale limeganda. Injini inaunguruma, gari haliendi mbele wala nyuma. Mama alidhani gia boksi limekufa, akaanza kuhesabu gharama kwa sauti.

Gia boksi halikufa. Mkono mnaoushika ndani ya gari haugusani na gia boksi moja kwa moja. Kati yao kuna kebo ndefu. Unapousogeza mkono, kebo inavuta au inasukuma kijimkono kingine kilichopo juu ya gia boksi, na hicho ndicho kinachobadilisha gia. Mwisho wa kebo hiyo, pale inapoungana na kijimkono, kuna kipande kidogo cha plastiki au mpira, mafundi wanakiita bushi. Bushi ikichakaa, kebo inacheza. Ikivunjika kabisa, kebo inachomoka, na hapo mkono wa ndani unaweza kwenda popote unapotaka huku gia boksi likibaki kwenye gia lililokuwa nayo mwanzo. Letu lilikuwa kwenye P, likabaki kwenye P. Alhamdulillah, kwa sababu lingeweza kubaki kwenye D huku sisi tukiamini tumeliegesha.

Msidhani hili ni la magari yaliyochoka ya visiwani tu. Juni 2022 kampuni ya Ford ilitangaza kule Marekani kuyarudisha gereji magari yapatayo milioni 2.9 kwa sababu ya bushi hiyohiyo ya kebo ya gia. Hofu ilikuwa dereva aweke mkono kwenye P, azime injini, atoe ufunguo, ashuke, na gari libingirike kwa kuwa gia boksi halikuwa kwenye P. Kipande unachoweza kukificha ndani ya ngumi, na magari mamilioni.

Basi tulitoa boksi la chujio la hewa, tukaona kebo imelala pembeni na bushi imesagika kama biskuti. Tuliagiza spea Unguja. Wiki mbili gari likakaa uani, mvua juu yake, likingoja. Bushi ilipofika tuliipachika, ikaingia vizuri kwa mlio, kebo ikakamata. Zilibaki siku nne kufika harusi ya mdogo wetu, na nyumba ya harusi ilikuwa Mkoani. Wasioijua Pemba tuwaambie kwamba mji wa Mkoani umepanda kilima juu ya bandari. Ukishuka kwenye boti unaanza kupanda. Kwa hiyo gari la bibi harusi lingesimama kwenye mteremko, watoto wakilizunguka, wapiga picha mbele yake, na bibi harusi ndani akisubiri kuteremshwa.

Tulipowasha kulijaribu, tulikuta mambo mawili mapya. La kwanza, mkono ulikataa kabisa kutoka kwenye P. Ukikanyaga breki na kubonyeza kitufe, haubanduki. La pili tuliligundua baadaye kidogo: gari lilikuwa haliwaki likiwa kwenye P. Unageuza ufunguo, kimya. Ukilipeleka kwenye N, linawaka mara moja.

Hapo maneno yakaanza. Kaka zetu wakasema tumeharibu, wanawake na spana wapi na wapi. Jirani mmoja mwenye huruma akatupa dawa mbili za haraka. Kwa mkono uliogoma, akatuonesha kitundu kilichofunikwa kwa kifuniko kidogo pembeni ya gia, pameandikwa Shift Lock. Ukichomeka bisibisi nyembamba au ncha ya ufunguo ukabonyeza, mkono unatoka. Kwa lile la kuwasha, akasema, “Dada zangu, washeni kwenye N, shida iko wapi? Gari linakwenda.”

Na kweli lilikuwa linakwenda. Kwa dawa zile mbili tungeweza kumchukua bibi harusi siku ileile. Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize sana, kwa sababu kila moja katika dawa zile ilikuwa inafunika kitu ambacho gari lilikuwa linajaribu kutuambia.

Tuanze na mkono uliogoma kutoka kwenye P. Magari mengi ya otomatiki yana kufuli ya makusudi: huwezi kutoka kwenye P mpaka ufunguo uwe umefunguliwa na mguu uwe kwenye breki. Gari linajuaje kwamba umekanyaga breki? Juu ya pedali kuna swichi ndogo. Swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa nyekundu za breki nyuma. Ukikanyaga, swichi inapeleka habari, kisumaku kidogo chini ya mkono wa gia kinafunguka kwa mlio mdogo wa “tak”, na mkono unaachiwa. Kwa hiyo gari likigoma kutoka kwenye P, kabla ya kugusa kingine chochote, katazameni taa za breki.

Sisi tulisubiri magharibi iingie, gari likiwa limeupa mgongo ukuta mweupe wa jikoni. Mmoja akakanyaga, wawili wakatazama ukuta. Giza. Wala “tak” haikusikika. Tukaitoa fyuzi ya taa za breki tukaitazama kwa tochi, ilikuwa nzima. Tukaingiza kichwa chini ya dashibodi, tukaisukuma swichi ya pedali kwa kidole. Ukuta ukawa mwekundu kidogo, ukazima. Tukasukuma tena, ukawaka, ukazima. Ugonjwa ukaonekana: swichi ilikuwa imechoka ndani, haishiki. Haikuwa na uhusiano wowote na bushi tuliyoipachika. Ilikuwa ndani ya kibanda cha dereva, bushi iko chini ya boneti, na nyaya zake hatukuzigusa. Kifo chake kiliangukia tu kwenye zile wiki mbili gari lilipolala uani.

Mashoga zetu, kutangulia si kusababisha. Tumeona ndoa zikivunjwa kwa hesabu hiyo: “tangu fulani alipoingia nyumba hii, mambo yameharibika.” Ukishatengeneza kitu na kikaja kibaya kingine, ni halali kuanza kutazama pale ulipogusa mwisho, na sisi ndipo tulipoanza. Lakini ukipatazama ukapakuta pazima, endelea mbele. Anayeshikilia lawama hatafuti tena ugonjwa. Na kaka zetu wangeshikilia ya kwao, tungekuwa bado tunafungua na kufunga bushi isiyo na kosa.

Sasa fikirini ile dawa ya bisibisi kwenye kitundu. Kitundu kile kimewekwa kwa dharura, ili gari liweze kusukumwa au kuvutwa, na siku ya shida mtakishukuru. Lakini lau tungekitumia na kuondoka, tungeingia kwenye msafara wa harusi bila taa za breki. Mnaijua misafara yetu: gari nyuma ya gari, honi, vigelegele madirishani, kila dereva anatazama video badala ya barabara. Gari la bibi harusi linasimama ghafla, aliye nyuma haoni taa. Hesabu iliyobaki fanyeni wenyewe.

Swichi tulipata mjini Chake, tukaibadilisha. Ukuta ukawaka mwekundu, “tak” ikasikika, mkono ukatoka. Hapo likabaki lile la pili, nalo ndilo lililokuwa na hatari kubwa.

Gari la otomatiki linakubali kuwashwa kwenye P na kwenye N tu. Kwenye gia boksi kuna swichi nyingine inayojua gia ipo wapi, na ikiwa si mojawapo ya hizo mbili, stata haipati umeme. Ni ulinzi, ili gari lisiruke mara linapowaka. Sasa angalieni: mkono wetu ulikuwa kwenye P, herufi P tunaiona kwa macho, na stata inakataa. Maana yake ni moja kati ya mbili. Ama swichi ile ni mbovu, ama gia boksi halimo kwenye P.

Tukatazama dashibodi. Hapa tuliyajua maneno ambayo tungependa kila mwanamke mwenye gari la namna hii ayaweke moyoni: herufi iliyo pembeni ya mkono wa gia ni ombi, na katika magari mengi herufi inayowaka kwenye dashibodi ndiyo jibu. Mkono unasema unachotaka. Dashibodi inasema kilichofika. Kwetu, mkono ukiwa kwenye N, dashibodi iliwaka N safi. Mkono ukiwa kwenye P, P ya dashibodi ilikuwa inapepesa, mara ipo mara haipo. Mkono ukiwa kwenye R, taa nyeupe za nyuma nazo zinapepesa. Tukausukuma mkono kwa nguvu kidogo kupita P, tukaushikilia hapo, tukageuza ufunguo. Likawaka. Basi swichi nzima. Gia boksi ndilo lililokuwa halifiki.

Kwa nini, ilhali bushi ni mpya? Kwa sababu ni mpya. Kebo ina mahali pa kurekebishia urefu wake, nati inayolegezwa na kukazwa. Zamani bushi ilipoanza kuchakaa, kabla gari halijatufikia, kebo ilikuwa imesogezwa ili kufidia ulegevu. Na ndani ya gia boksi kuna springi inayokivuta kijimkono kikae sawasawa kwenye kila gia, kama droo inayojifunga yenyewe ikikaribia mwisho. Kebo ilipokuwa inacheza, springi ile ilikuwa na nafasi ya kumalizia safari: kebo ikifika karibu, springi inavuta kilichobaki. Bushi mpya ikaondoa mchezo wote. Sasa kijimkono kinasimama palepale kebo inapokiacha, na kebo ilikuwa inakiacha milimita chache kabla ya P. Kuweka bushi ni nusu ya kazi. Kuirekebisha kebo ndiyo nusu ya pili.

Milimita chache ni nini? P haifungi gari kwa breki. Ndani ya gia boksi kuna jino la chuma linaloangukia kwenye pengo la gurudumu lenye meno, na jino hilo peke yake ndilo linaloshika. Likiingia barabara, gari linasimama. Likiishia ukingoni, linaweza kushika uwanjani penye tambarare, kisha kuteleza kwenye mteremko. Uani kwetu ni tambarare. Lau tungefuata ile ya “washeni kwenye N, shida iko wapi”, tungekaa siku nne tukiamini gari limepona, na siku ya kwanza ya kujua P si P ingekuwa juu ya kilima cha Mkoani, bibi harusi akiwa ndani na watoto wakiwa mbele.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua hata saa moja. Mahali tambarare, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu, maana gia boksi likitolewa kwenye P gari linakuwa huru. Nati ya kebo inalegezwa. Kijimkono cha gia boksi kinasukumwa mpaka mwisho upande wa P, halafu kinarudishwa hatua mbili: ya kwanza R, ya pili N. Mkono wa ndani nao unawekwa N. Pande zote mbili zikiwa N, nati inakazwa. Hivyo ndivyo yalivyo magari mengi madogo ya Kijapani, lakini kitabu cha gari lako ndicho kadhi, kikisema vingine kifuateni hicho.

Halafu tukalijaribu, na kujaribu ni kazi kamili. Gia moja moja, mkono na dashibodi zikubaliane. Liwake kwenye P na kwenye N, likatae kwenye R na D. Taa nyeupe ziwake kwenye R bila kupepesa. Mwisho, mteremko mdogo usio na mtu mbele wala nyuma: dereva ndani, mkono kwenye P, injini imezimwa, mguu umekaa tayari juu ya breki, breki ya mkono ikaachiwa taratibu. Gari likasogea kidogo sana, likagota, likatulia. Hako kasogeo ni jino likitafuta pengo lake. Lingeendelea kutembea, tungekanyaga na bibi harusi angepanda gari jingine. Hilo tulilikubaliana kabla ya kujaribu, kwa sababu ukishavalisha gari maua ni vigumu kulikataa.

Pamoja na hayo, tulimpelekea fundi mtu mzima alitazame siku moja kabla. Ami yule alilala chini ya gari, akashika nati, akatoka akijifuta mikono. “Nani kawafanyia?” akauliza. Tukamwambia. Akasema, “Basi na breki ya mkono wanangu msiisahau.” Kwetu sisi hiyo ilikuwa shahada ya kuhitimu. Na mpaka wake tunaujua: gari likichelewa kuondoka unapoweka D, likigonga kwa kishindo, au mafuta ya gia yakanuka kuungua, hilo si la kebo, hilo ni la fundi. Na nyaya za rangi ya manjano chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa, msiziguse.

Neno la Ami tunawapeni nyote, hata msiowahi kushika spana. Kwenye mteremko P peke yake haitoshi. Shikeni mpango huu: kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia mguu taratibu ili gari lilale juu ya breki ya mkono, kisha kanyaga tena, weka P, zima. Hivyo uzito unabebwa na breki, na lile jino dogo la chuma linabaki kuwa msaidizi.

Na nyinyi mabibi harusi, kabla hamjakubali gari, au mpelekeni somo wenu akaulize kwa niaba yenu, ulizeni matatu. Taa za breki zinawaka, na maua hayajazifunika? Gari linawaka kwenye P bila kubembelezwa? Breki ya mkono inashika? Dereva akijibu “lina kijitabia chake kidogo lakini linakwenda”, mwambieni kwa adabu aeleze kijitabia chenyewe. Kitu kinachokwenda kwa kubembelezwa kina neno lake. Msikilizeni kabla hamjapanda.

Allah awafikishe salama, gari na mliomo.